Manowari mezani: Tulivyochagua vita vya kupigana

KATI ya maswali ninayoulizwa tangu tuanze kucheza vita vya majini kwa meli ndogo za mfano, lipo moja ambalo kila nikilijibu muulizaji huondoka hajaridhika. Huuliza: mchezo upi ni bora kuliko yote? Anayeuliza hivyo hana tofauti na mtu anayeingia sokoni akitaka aonyeshwe sufuria bora, bila kusema kama anakwenda kupika ugali wa watu 20 au kuchemsha chai ya mtu mmoja.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, mchezo wenyewe uko hivi. Kuna meza, au sakafu, ambayo ndiyo bahari. Kuna meli ndogo za chuma, plastiki, mbao au karatasi, ambazo sisi tunaziita vimeli. Kuna kitabu cha kanuni kinachoeleza kila meli inakwenda kwa kasi gani, ina mizinga mingapi na ikipigwa inaumia vipi. Halafu kuna dadu, kwa sababu baharini hakuna mpiga mzinga mwenye uhakika. Unasogeza meli zako, unapima umbali, unapiga, unahesabu hasara, kisha mwenzako naye anafanya hivyo hivyo. Si bao, ambako kila kete iko wazi machoni. Si karata pia, ambako mengi yamefichwa mkononi. Ni kitu cha katikati.

Mimi niliujua nikiwa masomoni Ubelgiji miaka ya 1990. Niliporudi Bujumbura kufundisha historia nilikaa miaka mingi bila mtu wa kucheza naye, hadi mpwa wangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, alipoupenda. Akafuata jirani yangu wa Buyenzi, fundi cherehani. Wa mwisho kujiunga alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya unahodha wa maboti ya mizigo ziwani, ambaye mtaa mzima tunamwita Mzee Nahodha. Tukawa wanne. Tukaanza kuchanga kidogo kidogo kila Jumapili, fedha zikiwekwa katika kopo la maziwa ya unga, kwa nia ya kumwagiza ndugu anayekuja likizo kutoka Ulaya atuletee mchezo mmoja. Mmoja tu.

Kopo lilichukua karibu mwaka kujaa. Fedha za fundi mle ndani zilitokana na kushona sare za shule usiku, na za Mzee Nahodha zilitoka kwa watoto wake, ambao hawakujua zinakwenda wapi. Hakuna aliyekuwa tayari kuona fedha hizo zikigeuka boksi la kukaa kabatini. Ndiyo maana kuchagua kwetu hakukuwa mzaha.

Wapo wanaodhani kwamba huu ni mchezo wa watoto waliozeeka. Historia yake inasema vingine. Mwingereza Fred T. Jane, ambaye jina lake linajulikana hadi leo kwa vitabu vya kuorodhesha manowari za dunia, alitoa mchezo wake wa vita vya majini mwaka 1898, na kitabu chake cha kwanza cha manowari kilitoka mwaka huo huo kikienda sambamba na mchezo huo. Kwa Jane mzinga haukuamuliwa kwa dadu. Mchezaji alishika kifimbo chenye pini, akapiga picha ya meli ya adui, na pale pini ilipotoboa ndipo kombora lilipoangukia.

Baadaye akaja Mmarekani Fletcher Pratt, mwandishi wa vitabu, ambaye kanuni zake zilichapishwa mwaka 1940. Yeye na wenzake walitambaa sakafuni. Kila mchezaji alikisia kwa macho umbali kutoka meli yake hadi kwa adui, akauandika kwa inchi, na baada ya hapo ndipo mwamuzi alipotandaza utepe wa kupimia. Aliyekisia vizuri alipiga, na aliyekosea aliwaogesha samaki. Msomaji amkumbuke huyu Pratt, maana nitamrudia.

Kisha yalikuja mambo ya damu. Januari 1942, manowari za Uingereza zikiwa zinashindwa kuzilinda meli za mizigo zilizokuwa zikizamishwa na nyambizi za Ujerumani katika Atlantiki, ilianzishwa ofisi ndogo Liverpool chini ya Kapteni Gilbert Roberts, mwanajeshi aliyekuwa ameondolewa kazini kwa sababu ya kifua kikuu. Wasaidizi wake wengi walikuwa wasichana wa kikosi cha wanawake cha jeshi la majini, baadhi yao hawajafika hata miaka 20. Walichora bahari kwa miraba juu ya sakafu. Maofisa waliotoka kwenye manowari halisi walisimamishwa nyuma ya mapazia ya turubai yenye upenyo, waone kile tu ambacho nahodha angekiona usiku, wakatakiwa kutoa amri. Kwa kucheza na kurudia, Roberts na wasichana wale waligundua kwamba nyambizi hazikuwa zikipiga kutoka nje ya msafara kama ilivyodhaniwa. Zilikuwa zikiingia katikati yake kutokea nyuma. Mbinu mpya iliyotokana na ugunduzi huo ilifundishwa kwa maofisa waliokuwa wakienda baharini, na karibu maofisa 5,000 walipita katika sakafu ile kabla vita havijaisha.

Japan nayo ilicheza. Mei 1942, ndani ya manowari Yamato, maofisa walijaribu mezani shambulio walilokuwa wakiliandaa dhidi ya kisiwa cha Midway. Dadu zilitoa mapigo 9 juu ya manowari za Japan za kubebea ndege, na mbili kati yake, Akagi na Kaga, zikahesabiwa kuwa zimezama. Admirali Ugaki, aliyekuwa akiongoza mchezo huo, aliamuru mapigo yapunguzwe hadi 3, Akagi ikarudishwa juu ya maji, na katika hatua iliyofuata hata Kaga ikaruhusiwa kurejea. Mwezi mmoja baadaye, katika vita vyenyewe, Japan ilipoteza manowari nne za kubebea ndege, Akagi na Kaga zikiwa miongoni mwake. Hadithi hii naipenda kwa sababu inamfaa kila mchezaji anayeitazama dadu yake kwa hasira, kisha akasema imeanguka vibaya na airudie.

Turudi kwenye kopo letu. Jambo la kwanza tulilobishania lilikuwa ukubwa wa vimeli. Katika maduka ya mchezo huu meli huuzwa kwa skeli, kama ramani. Ziko za 1 kwa 3,000, ziko za 1 kwa 1,800, na ziko kubwa za 1 kwa 300. Mpwa wangu alikuwa na nia ya Bismarck, manowari ya Ujerumani iliyokuwa na urefu wa mita 251. Tukakaa na kalamu. Kwa skeli ya 1 kwa 3,000 Bismarck ina sentimita 8 na kidogo, urefu wa kidole cha kati. Kwa 1 kwa 1,800 ina sentimita 14. Kwa 1 kwa 300 ina sentimita 84, na hapo hakuna meza Buyenzi inayoweza kuibeba pamoja na adui yake.

Umbali ndio unaosumbua zaidi. Asubuhi ya Mei 24, 1941, Bismarck na manowari ya Uingereza iitwayo Hood zilianza kupigana zikiwa mbali kiasi cha kilomita 24. Dakika chache baadaye Hood ililipuka, na kati ya watu 1,418 waliokuwamo walinusurika watatu. Ukitaka kuliweka pambano hilo sakafuni kwa skeli ile ile ndogo ya 1 kwa 3,000, unahitaji mita 8 kati ya meli hizo mbili kabla hata hujaweka nafasi ya kukimbilia. Kwa sababu hiyo, vitabu vingi vya kanuni hufanya ujanja: hupunguza bahari kuliko vinavyopunguza meli. Mezani utaona manowari mbili zimekaribiana kama mabasi stendi, na unaambiwa uamini kwamba kati yake kuna kilomita 10. Wengine hawajali. Mimi hunikera, na Mzee Nahodha alikataa kabisa. Alisema mtu aliyezoea kutazama majini hawezi kudanganywa macho.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa, ni kujua unataka kukaa katika kiti cha nani. Michezo hii hutofautiana hapo kuliko mahali pengine popote. Ukiwa katika kiti cha admirali hushughuliki na kombora moja moja; unapanga kundi la meli na kuona kama mstari wako umeshikamana. General Quarters, mchezo uliotoka Marekani miaka ya 1970, ni wa aina hiyo. Unakwenda haraka, na watu wanne wanaweza kumaliza pambano la meli 10 au zaidi kabla ya magharibi. Ukiwa katika kiti cha mpiga mzinga, Seekrieg ndio wako. Humo kila kombora lina safari yake: limeanguka kwa pembe gani, limekuta chuma cha unene gani, limetoboa au limeruka. Una majedwali mengi kama daftari la mhasibu. Nimewahi kuucheza Ubelgiji tangu saa nne asubuhi hadi usiku, na katika muda wote huo zilikuwa zimepita dakika 20 za vita. Sijutii siku ile, lakini sikutaka kumfanyia hivyo fundi mwenye sare za watu.

Victory at Sea, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2006 na sasa unauzwa na Warlord Games, uko katikati na huja katika boksi lenye vimeli vya kuanzia. Kwa anayeanza bila mtu wa kumfundisha, huo ndio ningemwelekeza. Harpoon, alioubuni Larry Bond na kuutoa mwaka 1980, ni wa manowari za kisasa za rada na makombora ya masafa marefu, na Tom Clancy aliutumia alipokuwa akiandaa riwaya yake ya Red Storm Rising. Lakini katika Harpoon vita vyote ni vya nani amemwona mwenzake kwanza. Huhitaji vimeli vingi. Unahitaji mwamuzi mwaminifu anayejua siri za pande zote mbili, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumpata kuliko fedha.

Fundi, kama mtu angetarajia, alivutwa na matanga. Ipo michezo ya zama za merikebu, kama Black Seas wa mwaka 2019, ambamo vimeli hufungwa kamba za uzi mwembamba kwenye milingoti. Aliitazama picha akasema kazi ile angeimaliza kwa jioni mbili. Hoja yake haikuwa ya urembo tu. Katika matanga kuna upepo, na upepo ni mchezaji wa tano asiyechangia kopo. Yeyote anayetaka kuwafundisha watoto kwa nini Trafalgar ya mwaka 1805 ilikwenda ilivyokwenda, pale meli 27 za Uingereza zilipozikabili 33 za Ufaransa na Hispania, aanzie huko.

Pendekezo langu lilikuwa tofauti na la wote. Mimi nilitaka tununue General Quarters na meli nne tu za vita vya mto Plate, vilivyopiganwa nje ya pwani ya Uruguay Desemba 13, 1939. Upande mmoja ni Graf Spee ya Ujerumani yenye mizinga 6 mikubwa ya milimita 280. Upande wa pili ni tatu dhaifu: Exeter yenye mizinga 6 ya milimita 203, pamoja na Ajax na Achilles zenye mizinga 8 ya milimita 152 kila moja. Mchezaji wa Graf Spee ana swali moja gumu kila zamu: mizinga yake mikubwa aielekeze yote kwa mmoja au aigawe? Watatu nao wana lao: wabaki pamoja au watawanyike ili wamchanganye? Meli nne kwa watu wanne, kila mtu na meli yake. Kwa kundi jipya, siujui mfano mzuri zaidi wa kuanzia, na msomaji akiniuliza leo nitampa huo huo.

Mpwa wangu akabaki na Bismarck yake. Ikawa kura ya mmoja mmoja.

Ndipo Mzee Nahodha, aliyekuwa kimya karibu jioni nzima, aliponigeukia. "Mwalimu," akasema, "hizo zote ni bahari za watu. Mbona ziwa letu lilipigana na hamlitaji?"

Kwa mwalimu wa historia maneno hayo yalikuwa mazito, hasa kwa kuwa habari hizo nazifundisha. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka: magharibi Kongo ya Wabelgiji, mashariki makoloni ya Wajerumani, pamoja na mji wetu huu ulioitwa Usumbura. Wajerumani waliiharibu mapema stima ya Wabelgiji iitwayo Alexandre Del Commune, na tangu hapo ziwa likawa lao kwa meli mbili ndogo, Kingani na Hedwig von Wissmann. Mwaka 1915 wakaongeza ya tatu, Graf von Götzen. Hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma na kuungwa upya. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 70, na ikapewa mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg, ambayo mwisho wake ulikuwa katika delta ya Rufiji Julai 1915.

Waingereza walijibu kwa maboti mawili ya injini za petroli, kila moja na urefu wa mita 12 tu. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuyaita Paka na Mbwa, wakubwa wake wakakataa, basi akayaita Mimi na Toutou, ambayo ni maneno ya Kifaransa ya kitoto ya kuwaita wanyama hao hao. Waingereza hawakujua wamemwachia Mswahili kitendawili. Hadi leo tukicheza, mtu akipaza sauti "Mimi nimepigwa!" lazima tuulize kama ni yeye au ni boti.

Maboti hayo yalisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, yakapanda treni hadi Fungurume katika Katanga, halafu yakavutwa kwa zaidi ya kilomita 200 kupita milima ya Mitumba. Yalivutwa kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono na migongo ya Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Yakapanda treni tena, yakateremka mto Lualaba, na mwishoni mwa Oktoba 1915 yakafika karibu na mahali ambapo leo ni Kalemie.

Desemba 26 mwaka huo, Kingani ilijitokeza kuchungulia. Mzinga wake ulikuwa mbele, na maboti yale yenye kasi karibu maradufu yakaifuata kwa nyuma. Nahodha wake aliuawa pale pale penye mzinga, nayo ikatekwa na kupewa jina jipya, Fifi. Februari 9, 1916, ikawa zamu ya Hedwig. Fifi, ambayo sasa ilikuwa na mzinga mkubwa kuliko ilivyostahili, kila ilipopiga ilikaribia kusimama kwa kishindo cha mzinga wake yenyewe, huku Hedwig ikizidi kuiacha. Mimi ikakimbia mbele kuichelewesha. Fifi ilipofika karibu ilikuwa imebaki na makombora matatu, mojawapo likakwama kwa dakika 20. Lililofuata liliingia katika chumba cha injini cha Hedwig, ikazama.

Msomaji na atazame habari hizo kwa jicho la mchezaji. Meli mbili, tatu, nne. Mizinga mingi inayotazama mbele, kwa hiyo vita ni vya kumzunguka mwenzako. Mwenye kasi hana nguvu, mwenye nguvu hana kasi wala makombora. Hakuna aliyekuwa amebuni hali nzuri kuliko hiyo kwa wachezaji wanne, na ilikuwa imelala hapa kwetu.

Nikachukua tena kalamu, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho bahari kubwa hazina. Vita hivi ni vidogo kiasi kwamba meli na maji vinaweza kupimwa kwa skeli moja bila udanganyifu wowote. Kwa 1 kwa 300, Mimi ina sentimita 4 na Götzen ina kama 23. Darasa lenye urefu wa mita 8 ni karibu kilomita 2 na nusu za ziwa, na umbali wa kilomita moja, ambao maboti yale yangeweza kupigana, ni mita 3 na kidogo. Unaukuta sakafuni kama ulivyo.

Na kama umbali ni wa kweli, basi dadu ya kulenga haihitajiki tena. Hapo ndipo Fletcher Pratt aliporudi. Tuliamua kwamba kila mpiga mzinga ataandika umbali anaoukisia kwa sentimita, kisha utepe wa fundi utandazwe. Ukikosea kwa sentimita 5 au chini yake umepiga. Zaidi ya hapo ni maji. Dadu zimebaki kwa jambo moja, kuamua kombora limeumiza nini. Zamu moja ni nusu dakika ya vita. Kanuni zote zimeingia katika kurasa nne za daftari.

Kura ilipigwa, na ya fundi ndiyo iliyoamua. Alisema mchezo usiohitaji kununua vimeli ndio alioukusudia tangu mwanzo, ila hakujua kama upo. Vimeli tulichonga kwa soli za kandambili zilizokwisha, na milingoti ni vijiti vya kuchokolea meno. Kutoka katika kopo tulinunua rangi, gundi, dadu na utepe mpya mrefu. Kilichobaki kila mtu alirudishiwa chake kwa hesabu, na fundi akabadilisha mkanda wa cherehani.

Nilidhani vijana wangetushinda, kwa macho yao. Wapi! Katika miezi hii yote hakuna aliyemfikia Mzee Nahodha kwa kukisia. Anainama kidogo, anafumba jicho moja, anaandika "sentimita 212", na utepe unasema 214. Mpwa wangu, ambaye hesabu ndiyo masomo yake, alijaribu kutumia urefu wa kivuli na miraba ya sakafu. Tukakubaliana kuyafuta maji tuone, tukacheza uwanjani kwenye mchanga. Akashindwa zaidi.

Lakini Mzee alikuwa na dai jingine, na hilo lilitupa kazi kuliko mizinga. Babu yake, alivyosimuliwa utotoni, alikuwa mmoja wa waliokata na kubeba kuni za stima hizo za Wajerumani. Stima za ziwani zilikula kuni, na meli isiyo na kuni ni kisiwa tu. Katika vitabu vyote nilivyowahi kuvimiliki, meli huanza mchezo imejaa kila kitu, kana kwamba makombora na kuni vimeota ndani yake. Mzee aliuliza babu yake yuko ukurasa wa ngapi. Hakuwa akitania.

Basi kabla ya pambano tunacheza safari. Kila upande unapewa siku 30 na idadi ya wabebaji, nao unagawa: wangapi wa kuni, wangapi wa makombora, wangapi wa petroli, wangapi wa chakula cha hao hao wabebaji. Ukiwaelemea, wanaugua na wengine wanatoroka usiku, na dadu ndiyo inayosema ni wangapi. Upande uliopanga vibaya unaingia majini na makombora matatu kama Fifi. Mpwa wangu mwanzoni aliona sehemu hii inachosha, sasa ndiye anayebishana kwa sauti kuliko wote kuhusu bei ya mzigo mmoja wa petroli kutoka Lualaba.

Anayetaka kuanza kwa njia yake asituige kwa kila kitu. Ahesabu kwanza watu alionao, maana mchezo wa kundi kubwa la manowari ukichezwa na wawili ni adhabu. Ahesabu saa alizonazo, apime sakafu yake, kisha achague pambano moja analotaka kulijua, na kanuni zifuate baadaye. Wengi hununua kwanza, wakatafuta vita vya kuvipigana halafu.

Kwetu sasa imebaki Götzen, na ndiyo inayotunyima usingizi. Spicer-Simson hakuwahi kuthubutu kupigana nayo. Alichokuwa hakijui ni kwamba mwaka 1916 Wajerumani waliuondoa ule mzinga mkubwa ukatumike nchi kavu, wakaweka mahali pake mzinga wa mbao. Julai mwaka huo waliizamisha meli hiyo wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, injini zikiwa zimepakwa grisi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Mzee Nahodha amepishana nalo majini mara nyingi katika ujana wake.

Katika kanuni zetu mchezaji wa Götzen huandika neno moja kwenye karatasi kabla ya mchezo, "chuma" au "mbao", akaikunja na kuiweka chini ya kopo. Hakuna anayeruhusiwa kuifunua hadi mzinga ule upige, au mwenye Mimi aamue kusogea karibu vya kutosha aone mwenyewe. Jumapili iliyopita karatasi iliandikwa na Mzee, na mpwa wangu aliyazungusha maboti yake kwa saa nzima, akageuza, akarudi bandarini. Hatukumwonyesha ilichosema. Jumapili ijayo ni zamu yake kuandika.